Achari ya Matunda Makavu: Kazi Ambayo Jua Limekwisha Kuianza

Katika mapishi ya pwani ya Afrika Mashariki, sinia ya pilau au biriani haihesabiwi kuwa imekamilika mpaka pembeni yake pawekwe kitu cha kuuchangamsha ulimi, na kitu hicho kwa kawaida huwa ama kachumbari, ambayo hukatwa na kuliwa saa ileile, ama achari, yaani matunda au mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi, siki na viungo, ambayo hudai siku kadhaa za jua kabla ya kufaa kuliwa. Kati ya viwili hivyo ipo nafasi ambayo majiko mengi ya nyumbani hayajaitumia ipasavyo, nayo ni achari ya haraka ya matunda makavu: zabibu kavu, tende, embe kavu au aprikoti, zikimiminiwa siki ya moto iliyochemshwa pamoja na viungo, zikawa tayari jioni ya siku hiyohiyo au kesho yake. Wepesi wake haupunguzi chochote katika ubora, kwa sababu sehemu iliyo ngumu zaidi katika kazi ya achari, ambayo ni kuliondolea tunda maji yake, ilikwisha kufanywa zamani na jua.

Ili jambo hilo lieleweke, ni vyema kutazama kwanza namna achari ya kawaida ya embe bichi inavyotengenezwa. Embe hukatwa vipande, husuguliwa kwa chumvi na manjano, kisha huanikwa juani siku mbili tatu hadi vipande vinywee na kukunjamana, ndipo vipikwe au vichanganywe na siki, haradali, kitunguu saumu na pilipili. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya tunda kwa njia iitwayo osmosisi, yaani mwendo wa maji kupenya utando wa seli kutoka upande wenye chumvi au sukari kidogo kuelekea upande wenye nyingi zaidi, na jua huyakausha maji hayo yakiisha kutoka. Mpishi anayeiruka hatua hii kwa sababu ya haraka hugundua baada ya siku chache kwamba achari yake imejaa maji, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa embe ni maji, na maji hayo yakitoka ndani ya chupa huizimua siki mpaka ikakosa nguvu ya kuhifadhi chochote.

Kwa matunda makavu mwendo huo hugeuka. Zabibu kavu ina maji yasiyozidi sana asilimia 15 ya uzito wake, seli zake zilikwisha kufa na kuta zake kulegea, na sukari iliyobaki ndani, ambayo ni zaidi ya nusu ya uzito wote, huvuta kila majimaji yanayoigusa. Siki ya moto ikimiminwa juu yake hupokewa kama mvua ya kwanza juu ya ardhi ya kiangazi, nayo huingia pamoja na harufu zote za mdalasini, karafuu na iliki ilizozibeba. Tunda huvimba, ngozi yake hulainika, na utamu wake mzito hukutana na uchachu ndani ya tonge moja, jambo ambalo achari ya tunda bichi hulipata kwa kuongezewa sukari nyingi tu. Hapo ndipo ilipo thamani ya pishi hili: mpishi hana haja ya kutengeneza utamu, kwa sababu anao tayari, na kazi inayombakia ni kuupatia mwenzake wa kuusawazisha.

Ladha ya namna hii si ngeni katika nchi zinazozunguka Bahari ya Hindi. Kwa karne nyingi majahazi yaliyotoka Basra, Maskati na bandari nyingine za Ghuba yalishuka na upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kati ya Desemba na Machi, yakiwa yamesheheni tende na samaki wa chumvi, na yakarudi kwa kusi yakiwa na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Tende basi zilikuwa chakula cha ghalani Mombasa na Zanzibar kabla ya kuwako maduka ya kisasa, na mchanganyiko wa tende na ukwaju, unaosagwa kuwa chatne ya kulia kachori na bajia, ni ushahidi kwamba wapishi wa pwani walikwisha kuuona uhusiano wa utamu wa tunda kavu na uchachu. Waparsi wa Gujarat na Mumbai, ambao baadhi yao walihamia Zanzibar katika karne ya 19, wana achari mashuhuri ya harusi inayopikwa kwa karoti, zabibu kavu, aprikoti kavu na tende ndani ya siki na sukari, na huko Cape Town, kusini kabisa mwa bara, kizazi cha watumwa waliochukuliwa kutoka visiwa vya Indonesia, India na Afrika Mashariki yenyewe kimeendelea kupika blatjang, rojo la aprikoti kavu na zabibu kavu lililochachushwa kwa siki na kuwashwa kwa pilipili. Achari ya haraka inayoelezwa hapa ni ndugu wa mapishi hayo, isipokuwa kwamba hapa tunda halipondwi wala halipikwi mpaka likayeyuka, bali huachwa likiwa zima.

Uchaguzi wa tunda ndio unaoamua mengi. Zabibu kavu ndiyo nyepesi kuliko yote, kwa kuwa ni ndogo, hunywa siki kwa muda mfupi, na uchachu wake wa asili haupotei hata ikikauka. Mpishi anayeanza hana sababu ya kuanzia penginepo. Mkoa wa Dodoma, unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, hupeleka sehemu kubwa ya mavuno yake kwenye mvinyo, lakini zabibu kavu zake zinapopatikana zinastahili kutafutwa, hata kama punje zake hazilingani kwa ukubwa. Tende huhitaji uangalifu zaidi. Zilizo laini sana, zinazonata na kupondeka kwa kidole, huyeyuka ndani ya siki ya moto na kuacha uji wa kahawia, kwa hiyo zinazofaa ni zile ngumungumu, kama aina ya Fardh kutoka Omani, zikapasuliwa kwa urefu, zikatolewa kokwa na kukatwa vipande viwili au vinne. Tende zinazobaki kabatini baada ya mwezi wa Ramadhani, zikiwa zimeanza kukauka na hakuna tena anayezigusa, hufaa sana kwa kazi hii, na ni vigumu kulifikiria pishi bora zaidi la kuziokoa.

Embe kavu huuzwa kwa namna mbili, na tofauti hiyo yafaa izingatiwe. Ipo iliyokaushwa bila kuongezwa kitu, yenye rangi ya machungwa iliyofifia na ukakasi kidogo, na ipo iliyolowekwa kwanza katika maji ya sukari, ambayo hung'aa na kuwa laini lakini huifanya achari iwe tamu kupita kiasi. Ya kwanza ndiyo ya kununua. Vipande vya embe vyenye sukari, pilipili na rangi nyekundu ambavyo watoto wa Mombasa na Nairobi huvinunua vijiani, vikiitwa pia achari, ni kitafunio chenye utamu wake na wapenzi wake, ila havifai kutiwa katika chupa ya siki, kwa kuwa rangi hiyo hutoka yote na kukipaka kila kilichomo.

Aprikoti kavu, tunda dogo la manjano linaloletwa kwa wingi kutoka Uturuki, huwa na rangi ya kung'aa kwa sababu ya salfa dioksaidi, gesi ambayo wakaushaji huitumia kuzuia tunda lisigeuke kahawia na lisishambuliwe na ukungu. Gesi hiyo huweza kuwaletea shida ya kupumua baadhi ya watu wenye pumu, na kwa nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo ni busara kusoma kibandiko cha pakiti na kuchagua aprikoti za kahawia zilizokaushwa bila salfa. Ndizi kavu haifai hata kidogo, kwa maana hugeuka kuwa utelezi, na ndimu kavu za Omani, zile nyeusi zinazotiwa katika supu na mchuzi, zina uchungu ambao siki huuzidisha badala ya kuutuliza.

Baada ya tunda huja siki, na hapa ndipo panapotakiwa umakini mkubwa kuliko mahali pengine pote. Siki ni maji yenye asidi asetiki, na chupa nzuri ya dukani huonyesha kwenye kibandiko kwamba asidi hiyo ni asilimia 5 au karibu yake. Uchachu hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo kitu kinavyozidi kuwa kikali, na wataalamu wa uhifadhi wa chakula huiweka 4.6 kuwa mpaka ambao chini yake bakteria wa Clostridium botulinum, wanaotengeneza sumu ya botulizimu yenye uwezo wa kuua, hawawezi kuota. Zabibu kavu na aprikoti ziko chini ya mpaka huo kwa asili yake. Tende haziko hivyo: asidi yake ni kidogo sana, na kwa sababu hiyo achari ya tende haipaswi kuzimuliwa kwa maji, bali itengenezwe kwa siki tupu.

Wapo wanaopenda siki ya tembo la mnazi, ambayo hupatikana tembo likiachwa siku kadhaa likachacha mpaka ulevi ukageuka asidi, na harufu yake ya upole inalifaa embe kavu kuliko siki nyeupe ya dukani. Nguvu yake lakini hubadilika kutoka mgema mmoja hadi mwingine na kutoka mtungi mmoja hadi mwingine, kwa hiyo anayeitumia aitengenezee achari ndogo ya kuliwa ndani ya siku tatu nne, tena ikiwa ndani ya jokofu wakati wote. Maji ya ndimu ni makali vya kutosha na yanaweza kuongezwa kwa ajili ya harufu, ila yakichemshwa hupoteza uzuri wake, hivyo hukamuliwa mwishoni wakati siki imeanza kupoa.

Sufuria zinazotumika katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ni za aluminiamu, na aluminiamu haipatani na siki: asidi huila taratibu, sufuria hufifia, na achari hupata ladha ya bati ambayo hakuna kiungo kinachoweza kuificha. Siki ichemshwe katika sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka, na achari ihifadhiwe katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Chupa zilizokuwa na jemu au kahawa zinafaa kabisa, mradi kifuniko chake hakina kutu na hakijabaki na harufu, na kabla ya kutumika zioshwe kwa sabuni, zichemshwe ndani ya maji kwa dakika 10, kisha ziachwe zikauke zenyewe, kwa sababu kitambaa cha jikoni hurudisha uchafu uliokwisha kuondolewa.

Kuhusu viungo, utajiri uliopo karibu ni mkubwa kiasi kwamba kosa la kawaida ni kutia vyote. Karafuu ya Pemba ina mafuta yaitwayo yujenoli, ambayo ndiyo yanayoipa harufu kali na kuufanya ulimi uhisi ganzi, na karafuu nne ndani ya chupa ndogo zinatosha. Zikifika kumi, achari hunukia dawa ya meno. Mdalasini wa gome, iliki ya milima ya Usambara, pilipili manga ya Muheza au Unguja na tangawizi ya Same, kila kimoja kina tunda lake kinalopendana nalo. Zabibu kavu huchukuana vizuri na haradali na tangawizi. Tende hutaka mdalasini, iliki na pilipili manga. Embe kavu hupendeza kwa uwatu kidogo, habasoda na pilipili nyekundu kavu. Aprikoti hukubali giligilani na shamari. Viungo vitiwe vizima, kwa maana vya unga huifanya siki iwe na tope na kuacha mchanga mdomoni, na kabla ya kutiwa vikaangwe bila mafuta kwa dakika moja au mbili juu ya moto mdogo mpaka harufu ipande, kwa kuwa joto huyaamsha mafuta yaliyojificha ndani ya mbegu na magome. Uwatu peke yake uangaliwe kwa makini, kwani ukiungua huwa mchungu na uchungu huo hauondoki.

Kwa gramu 250 za zabibu kavu, embe kavu au aprikoti, hutosha mililita 250 za siki, ambazo ni kikombe kimoja, maji nusu kikombe, sukari vijiko viwili vikubwa na chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Kwa tende maji huachwa, siki huwa kikombe kimoja na nusu, na sukari haihitajiki. Matunda huoshwa kwa maji ya uvuguvugu ili kuondoa vumbi na mafuta ambayo wakaushaji hupaka zabibu zisigandamane, hukaushwa kwa kung'utwa katika chujio, kisha hupangwa ndani ya chupa pamoja na vipande vyembamba vya tangawizi. Siki, maji na sukari kwa matunda yanayovihitaji, chumvi na viungo vilivyokaangwa huwekwa jikoni mpaka vichemke, huachwa vitokote taratibu kwa dakika tano huku sufuria ikiwa imefunikwa ili harufu isipotee hewani, halafu humiminwa vikiwa vya moto juu ya matunda mpaka yafunikwe kabisa. Chupa yenyewe iwe bado ina joto wakati huo, kwa kuwa kioo baridi kikipokea siki inayochemka hupasuka. Matunda yatakayoelea yabonyezwe kwa kijiko, na baada ya nusu saa chupa ikaguliwe tena, kwa sababu tunda kavu hunywa siki nyingi kuliko inavyotazamiwa na sehemu ya juu hubaki bila kufunikwa. Ikiwa hivyo, huongezwa siki, wala si maji.

Zabibu kavu huwa tayari baada ya saa moja, ingawa ladha yake hutulia vizuri kesho yake. Aprikoti na tende huhitaji usiku kucha. Embe kavu iliyo ngumu huweza kuhitaji siku mbili. Ikishapoa, achari hii huwekwa ndani ya jokofu na huliwa ndani ya wiki tatu hadi nne, na jambo hili halina mjadala, kwa kuwa achari ya haraka haikutengenezwa kwa ajili ya kukaa rafuni miezi sita kama achari ya ndimu iliyojaa chumvi. Asiye na jokofu atengeneze kiasi cha kuliwa siku hiyo na ya pili yake. Kijiko kinachotumika kuichota kiwe kikavu na safi, na chupa ikionyesha ukungu, povu au harufu ya ulevi, yote imwagwe, kwa maana kuondoa sehemu ya juu iliyoharibika hakuisafishi iliyobaki chini.

Desturi ya kumwagia achari mafuta juu, ambayo katika achari ya embe bichi ina sababu zake, haina nafasi hapa. Kitunguu saumu kibichi kikizamishwa ndani ya mafuta na kuachwa nje ya jokofu hupata mazingira ambayo bakteria wa botulizimu huyapenda, kwa kuwa hakuna hewa na asidi ni kidogo, na hatari hiyo haina harufu wala rangi ya kumwonya mlaji. Anayetaka kitunguu saumu katika achari hii akichemshe pamoja na siki, wala asikitie mafuta.

Embe kavu yenyewe inaweza kutengenezwa nyumbani katika msimu mkubwa wa maembe, unaoanzia mwishoni mwa mwaka na kufika takriban Machi, wakati ambapo maembe huoza chini ya miembe ya Kilifi, Tanga na Morogoro kwa kukosa mnunuzi, na kuyaona yakioza ilhali jua limejaa uwanjani ni jambo linalosikitisha kweli. Aina ya Ngowe na Dodo yenye utamu mzito hufaa zote mbili, zikichumwa zikiwa zimeiva lakini hazijalegea. Hukatwa vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita, hunyunyiziwa maji ya ndimu ili rangi isififie, hupangwa bila kugusana juu ya uteo safi na hufunikwa kwa chandarua ili nzi wasitue. Kwa jua kali vipande hugeuzwa mara mbili kwa siku na hukauka kwa siku mbili hadi nne, huku usiku vikiingizwa ndani kwa ajili ya umande. Kipande kilichokauka hupindika kama ngozi na hakitoi unyevu kikikatwa katikati. Miji ya pwani yenyewe ina hewa yenye unyevu mwingi na kazi huko huenda polepole, na vipande vikianza kuota ukungu havina budi kutupwa, hata kama ni vingi.

Mezani, achari hii huandamana na pilau na biriani kama ilivyotarajiwa, lakini ubora wake huonekana zaidi pembeni mwa vyakula visivyo na mbwembwe: muhogo wa kuchoma, maharage ya nazi, samaki wa kukaanga, nyama choma yenye mafuta. Vijiko viwili vinatosha kwa mlaji mmoja, na mwenye kisukari akumbuke kwamba sukari ya tunda kavu haikuondoka kwa sababu ya uchachu, bali imefichwa nao. Matunda yakiisha hubaki mchuzi wa siki wenye rangi ya kaharabu, ambao umechukua utamu wa tunda na harufu za viungo vyote, nao hufaa kulowekea vitunguu vya kachumbari au kulazia kuku kwa saa mbili kabla ya kuwekwa juu ya mkaa. Ila usitumiwe kulowekea matunda mapya, kwa sababu nguvu ya asidi yake imekwisha kupungua na kundi la pili litaharibika mapema.